Fanny Crosby na William Doane: urafiki wa miaka 48 uliotuachia "Usinipite Mwokozi"

MwalimuWaNota (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wanajukwaa.

Uzi huu ni wa wote waliokulia kwenye Tenzi za Rohoni, Nyimbo za Kristo, Mwimbieni Bwana na vitabu vingine vya ibada. Kuna nyimbo ambazo msibani zikianzishwa hakuna anayetafuta kitabu, hata wale walioacha kwenda kanisani siku nyingi. "Usinipite Mwokozi" ni mmojawapo. Wengi wanajua maneno yake ni ya Fanny Crosby, yule mama wa Marekani asiyeona. Wachache wanajua kwamba tuni yake, ile tunayofundishana sauti ya kwanza mpaka ya nne, ni ya William Howard Doane. Doane alikuwa na kiwanda cha mashine za kuchongea mbao mjini Cincinnati. Hakusomea uchungaji wala hakuishi kwa muziki.

Walikutana mwaka 1867. Urafiki wao ulikatwa na kifo mwaka 1915, na wote wawili waliondoka ndani ya mwaka huohuo. Katikati hapo ni miaka 48 ya barua, safari za treni, maombi, na nyimbo zaidi ya elfu moja walizozifanya pamoja.

Nimekuwa nikifundisha kwaya muda mrefu, na ninaona tunawasimulia hawa watu nusunusu. Tunamtaja Fanny, tunasema alikuwa kipofu, tunashangaa kidogo, basi. Ninavyoona mimi, nyimbo hizi zilizaliwa na urafiki. Ukiuondoa urafiki, nyingi zisingekuwapo. Nitaandika kwa vipande maana ni habari ndefu.

Mama_Tumsifu

Tumsifu Yesu Kristo mwalimu. Naweka kambi hapa. "Usinipite" uliimbwa tulipomzika mama yangu, sijawahi kujua una watu wawili nyuma yake. Endelea.

MwalimuWaNota

Milele amina, mama. Pole sana kwa mzazi.

KIPANDE CHA KWANZA: KABLA HAWAJAKUTANA

Fanny alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika wilaya ya Putnam, jimbo la New York. Akiwa na wiki sita macho yalimuuma, na mtu aliyejiita daktari akamwekea dawa ya moto ya haradali. Macho yakaharibika. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, mama akaenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu, na bibi yake Eunice ndiye aliyekaa naye. Bibi huyo alimsimulia dunia aliyoizunguka, rangi za machweo, majina ya ndege na miti, halafu akamwekea Biblia kichwani, sura kwa sura. Kabla ya kuwa mtu mzima alikuwa ameshika Vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali, na Zaburi nyingi. Hiyo ndiyo maktaba aliyotungia nyimbo maisha yake yote. Ukizisoma nyimbo zake ukiwa na Biblia mkononi utaona karibu kila mstari umetoka mahali fulani.

Mwaka 1835 aliingia shule ya wasioona ya New York, na baadaye akawa mwalimu palepale. Mwaka 1849 kipindupindu kiliupiga mji. Alibaki kuuguza, akaona wenzake wakifa. Mwaka uliofuata, Novemba 1850, alikuwa kwenye mkutano wa Wamethodisti, watu wakiimba, na ni wimbo ndio uliomfungua. Alisema hapo ndipo alipojua kwamba alikuwa ameishika dunia kwa mkono mmoja na Bwana kwa mkono wa pili. Mahubiri aliyasikia mengi kabla ya siku ile. Wimbo ndio ulioingia.

Doane alizaliwa Februari 1832 huko Preston, Connecticut, kwa hiyo alikuwa mdogo kwa Fanny kwa karibu miaka kumi na miwili. Alikuwa Mbaptisti. Aliongoza kwaya tangu kijana, lakini maisha yake ya kila siku yalikuwa biashara. Kampuni ya J. A. Fay ilitengeneza mashine za mbao, yeye akawa mkuu wake, akavumbua mashine nyingi na kuzisajili kwa jina lake. Alipofika umri wa miaka thelathini alipata ugonjwa wa moyo uliokaribia kumuua. Alipopona aliona Mungu amemrudisha kwa kazi, akaanza kutunga nyimbo za injili kwa bidii mpya. Kiwanda hakukiacha. Aliviendesha vyote viwili mpaka uzee.

Mzee_wa_Besi

Mwalimu, hapo pa kupona na kuanza kutunga nimepaelewa sana. Walimu wa kwaya wengi niliowafahamu hawakusomea muziki. Fundi seremala, karani wa mizani ya kahawa, mwalimu wa hesabu. Jioni anafika kanisani na vumbi lake anaanza do re mi.

Shusha kipande cha pili.

MwalimuWaNota

KIPANDE CHA PILI: WALIVYOKUTANA

Mwaka 1867 Doane alikuwa New York na alihitaji maneno ya wimbo kwa ajili ya sherehe ya huduma moja iliyokuwa Five Points, mtaa maskini sana wa Manhattan wakati huo. Alikuwa amekusanya mashairi, hakuna lililomkaa. Wakati huohuo Fanny, bila wao kujuana, alisikia moyoni kwamba ampelekee Doane shairi. Akamtuma kijana na karatasi. Shairi lilikuwa ombi la kufanana zaidi na Yesu. Doane alilisoma, akatoka mbio kumtafuta kijana aliyelileta, lakini alikuwa ameshaondoka.

Akaanza kumsaka aliyeliandika. Wanaosimulia maisha ya Fanny wanasema alizunguka sana, na alipompata alimkuta kwenye nyumba ya kupanga ya watu wa hali ya chini. Hakutegemea. Alitoa pesa akampa mkononi, akidhani ni dola mbili. Fanny alipoonyesha noti kwa mwingine akaambiwa ni ya dola ishirini. Alitaka kuirudisha, Doane akasema ibaki, Mungu ndiye aliyeituma.

Tangu siku hiyo Doane akija New York humtembelea, na akiwa Cincinnati humtumia barua zenye tuni au wazo la wimbo. "Usinipite" ulianza hivyo. Doane ndiye aliyempa mstari wa kwanza, amtungie shairi juu yake. Fanny alikaa nao mstari ule muda. Halafu mwaka 1868 alialikwa kuzungumza gerezani, na katikati ya ibada mfungwa mmoja alipaza sauti akimwomba Bwana asimpite. Usiku ule maneno yakaja. Doane akayawekea tuni, na ukachapishwa mwaka 1870.

Yaani wimbo tunaouimba tukiwa tumevaa kanga na suti nyeusi, mstari wake ulitoka kwa mwenye kiwanda, ukasubiri kwa mama asiyeona, na sauti ya mfungwa ndiyo iliyoufungua. Mimi kila nikiufundisha sasa namfikiria yule mfungwa. Jina lake halikuandikwa popote.

Neema_wa_Kihesa

Jamani. Nimesoma hapo mara mbili.

PwaniKwaYesu

Salamu kutoka Likoni. Kwetu huu wimbo huimbwa sana kwenye ibada za usiku za matanga, tena polepole mno. Niulize, mwalimu: ulifikaje huku? Wamarekani hawakuwa wengi pwani miaka hiyo, wamishenari wetu wa zamani walikuwa Waingereza na Wajerumani.

MwalimuWaNota

Swali zuri mno, PwaniKwaYesu. Njia mojawapo kubwa ilikuwa kupitia Uingereza. Mhubiri D. L. Moody na mwimbaji wake Ira Sankey walizunguka Uingereza kuanzia 1873 hadi 1875, na Sankey alikuwa na kitabu cha nyimbo alichoendelea kukikuza mwaka hadi mwaka. Sankey mwenyewe aliandika kwamba kwenye mikutano ya London mwaka 1874 "Usinipite" ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizopendwa kupita nyingine. Waingereza waliokwenda misheni miongo iliyofuata walikuwa wameukulia. Kazi ya Fanny na Doane ikasafiri ndani ya masanduku ya watu wengine kabisa.

Na Sankey naye alikuwa rafiki wa Fanny. Nitarudi kwake.

Hoja_Kwanza

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini kuna jambo unalipita juujuu. Huyu Doane ni tajiri, ana kiwanda. Fanny anaishi chumba cha kupanga. Nimesoma kwamba alilipwa dola moja au mbili kwa shairi, na wenye vitabu wakauza mamilioni. Huo ni urafiki au ni ajira ya bei chee iliyofunikwa na maombi? Hapa kwetu waimbaji wa injili wanalia kila siku kwamba prodyuza na wenye studio wanakula jasho lao, na wakidai wanaambiwa ni huduma.

Mama_Tumsifu

Hoja_Kwanza kauliza kwa uchungu lakini kauliza haki. Mwalimu jibu.

MwalimuWaNota

Ndugu Hoja_Kwanza, asante kwa kuuliza, na sitalikwepa.

Malipo yalikuwa madogo, ni kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wachapishaji: wananunua shairi kwa dola moja au mbili na haki zote zinabaki kwao. Kabla ya nyimbo za injili, Fanny aliwahi kumwandikia maneno mtunzi George Root kwa nyimbo za kawaida zilizovuma Marekani nzima, na humo pia yeye alipata kidogo, faida kubwa ikaenda kwingine. Mfumo huo haukuwa wa haki, na sioni sababu ya kuupamba.

Lakini tazama upande wa pili. Fanny alichagua kuishi mitaa ile. Alikuwa akihudumu kwenye nyumba za misheni za Bowery, mtaa wa New York, kwa walevi na wasio na makazi, na pesa ikimfika mkononi ilikuwa imeshampata mwenye njaa. Wachapishaji wake, Biglow & Main, waliendelea kumpa posho hata alipozeeka na kuandika kidogo.

Na suala hili liliwahi kuwagonganisha marafiki zake wenyewe. Mwaka 1903 mshairi Will Carleton alichapisha kitabu cha maisha ya Fanny, na watu wakakisoma wakaona mama huyu anateseka kwa umaskini. Phoebe Knapp, rafiki mwingine wa Fanny, alitaka watu wachangishwe kwa ajili yake. Doane na watu wa Biglow & Main waliudhika, wakaona wanafanywa waonekane wanyonyaji. Katikati alikuwapo Fanny, mwenye umri zaidi ya miaka themanini, akiwapenda wote. Aliandika kusema hana shida ya kuomba msaada wa hadhara. Mwaka 1906 kikatoka kitabu kingine, kumbukumbu zake mwenyewe.

Mimi ninaposoma habari hiyo sioni kwamba urafiki ulikuwa uongo. Naona ulikuwa wa watu wa kweli, wenye pesa katikati yao na majina yao mbele ya watu, na haukuvunjika. Doane aliendelea kuwa rafiki yake mpaka mwisho. Kuhusu prodyuza wa huku kwetu, nakuunga mkono kabisa: mkataba uandikwe kabla ya kuingia studio, na asiyetaka kuandika mkataba na mwimbaji asijifiche kwenye neno huduma.

Hoja_Kwanza

Nimekuelewa. Hapo pa "haukuvunjika" ndipo nilipotaka kufika. Endelea mkuu.

Sauti_ya_Baraka

Wapendwa, mimi sioni. Ninasoma uzi huu kwa programu inayosoma kwa sauti kwenye simu, na hii ni mara yangu ya kwanza kuandika humu baada ya kusikiliza tu kwa muda mrefu.

Fanny Crosby tuliambiwa habari zake shuleni, shule ya wanafunzi wasioona, kama mfano wa kutia moyo. Nilichokuwa sikipendi ni jinsi walivyomsimulia, kana kwamba alipata karama kwa sababu ya macho. Karama aliipata kwa kusoma, kwa kushika Maandiko, kwa kufanya kazi kila siku. Sisi tunashika nyimbo kichwani kwa sababu tunajizoeza, maana kitabu cha nukta nundu cha tenzi ni kikubwa mno kubeba, na mahali pengi hakipo kabisa.

Nilichokipenda kwenye kisa cha mwalimu ni kwamba Doane alimfuata kwa sababu shairi lilikuwa zuri. Hakujua kama anayelituma anaona au haoni. Alimtafuta mtunzi, akampata. Mtu asiyeona anaijua tofauti hiyo kwa sauti tu ya anayemsalimia, kama amekuja kwa huruma au amekuja kwa kazi.

Naomba nisimuliwe ule wimbo wa dakika arobaini, kama mwalimu anaujua.

Neema_wa_Kihesa

Kaka Sauti_ya_Baraka, karibu sana jukwaani. Umenifundisha jambo.

MwalimuWaNota

Karibu mno, ndugu Sauti_ya_Baraka. Ulichosema kuhusu Doane nilikuwa sijakiona kwa namna hiyo, na ndicho kiini cha habari hii kuliko vyote nilivyoandika juu. Ule wimbo naujua, na ndio kipande kinachofuata.

KIPANDE CHA TATU: DAKIKA AROBAINI

Tarehe 30 Aprili 1868 Doane alifika kwa Fanny, Manhattan, akiwa na haraka. Treni yake ya Cincinnati ilibakiza dakika arobaini. Alikuwa na tuni anayotaka maneno yake kwa ajili ya mkutano wa shule za Jumapili, akamwomba aisikilize. Akampigia.

Fanny alisikiliza, akamwambia kwamba tuni ile tayari inasema jambo: salama mikononi mwa Yesu. Akaingia chumba cha ndani, akapiga magoti kuomba, na akatunga shairi zima kichwani. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi siku zote: alimaliza wimbo akilini, wakati mwingine nyimbo kadhaa kwa pamoja, ndipo akamtamkia mtu aandike. Karatasi ikatiwa kwenye bahasha, Doane akaikimbiza stesheni akaisome njiani.

Fanny alikuwa amezaa mtoto mmoja tu na mume wake, Alexander van Alstyne, mwanamuziki ambaye naye alikuwa haoni. Mtoto alikufa akiwa mchanga. Fanny hakupenda kulizungumzia. Ila wimbo huu aliuhesabu kama wa akina mama waliofiwa na watoto. Nyimbo nyingi za Doane ziliimbwa na watu wengi, lakini huu ulipigwa hata kwenye mazishi ya Rais wa zamani Ulysses Grant mwaka 1885, na huku kwetu umeimbwa juu ya majeneza madogo ambayo dunia haina habari nayo.

Nauliza kila ninapofika hapa: Doane alijua? Alikuwa akimjua Fanny kwa miezi michache tu. Huenda hakujua lolote kuhusu yule mtoto. Alileta tuni, na tuni ikaenda mahali ambapo hata mume na mama mzazi walikuwa hawagusi. Rafiki wa imani na muziki ana njia ya kuingia ambayo wengine hawana. Mnaoimba pamoja kwa muda mrefu mtanielewa. Kuna watu kwenye kwaya ambao hujawahi kula nao nyumbani kwao, lakini unajua kwa pumzi yao, kabla hawajaingia kwenye beti, kwamba wiki hiyo imekuwa nzito.

Mama_Tumsifu

Mwalimu umenigusa pale penyewe. Sitaandika zaidi.

Mzee_wa_Besi

Nami niongeze la kwangu. Nina rafiki tuliyeanza naye besi vijana tukiwa Kilimanjaro, mimi Mlutheri, yeye baadaye akahamia Tabora akajiunga na Moraviani. Tumezeeka. Hatuonani ila kwenye harusi na misiba. Lakini Jumamosi akipata nota mpya hunitumia sauti kwa simu, ameimba besi yote peke yake, na ananiuliza kama ile sehemu ya kati inashuka mpaka fa au inabaki so. Namjibu kwa kuimba. Hatuulizani hali, tunaimbiana tu, na nikimsikia anatetemeka najua presha imepanda, namwambia nenda hospitali. Mke wangu husema huyu ndiye ndugu yako wa kwanza, na ni kweli.

Kagera_Uamsho

Shikamoo Mzee_wa_Besi. Kwetu Bukoba tulilelewa ndani ya uamsho wa Afrika Mashariki, na wazee walitusimulia kuwa ule nao ulitoka kwenye urafiki: Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi, Mganda, walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929 na kukaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Mzungu na Mwafrika, wakati wa ukoloni, wakisemezana kama ndugu. Halafu ukaja ule wimbo wa Tukutendereza, ambao hadi leo ndugu wakikutana stendi ya basi wanauimba wakikumbatiana.

Samahani kama nimeutoa uzi nje ya mada.

MwalimuWaNota

Hujautoa, Kagera_Uamsho. Huo unastahili uzi wake mwenyewe, na nakuomba uuandike wewe uliyekulia humo.

PwaniKwaYesu

Mwalimu uliahidi kurudi kwa Sankey. Na huyo Phoebe Knapp umemtaja kwa ugomvi tu, hatumfahamu.

MwalimuWaNota

Ni kweli, nitamtendea haki.

KIPANDE CHA NNE: MARAFIKI WENGINE

Phoebe Knapp alikuwa Mmethodisti wa Brooklyn, mke wa Joseph Knapp, mkuu wa kampuni ya bima ya Metropolitan Life. Nyumbani kwake palikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba, na milango ilikuwa wazi kwa wahubiri na waimbaji. Mwaka 1873 alimpigia Fanny tuni aliyoitunga mwenyewe na kumuuliza inasema nini. Fanny akajibu kwa maneno ambayo sisi tunayaimba "Ndiyo dhamana, Yesu wangu". Mnaona mtindo ni uleule wa Doane: rafiki analeta sauti, Fanny anasikiliza mpaka amesikia kilichomo. Watu walimjua kwa kutunga. Ninaamini karama yake kubwa zaidi ilikuwa kusikiliza, na marafiki zake waliijua, ndiyo maana walimletea tuni kwanza.

Sankey ndiye aliyezichukua nyimbo hizi akazipeleka kwenye mikutano ya maelfu. Kisha mwaka 1903 macho yake yakazimika. Mtu aliyezunguka bahari akiimba, sasa amekaa Brooklyn gizani. Fanny alikwenda kumtembelea, mkongwe wa zaidi ya miaka themanini, akakaa na rafiki aliyekuwa anajifunza uzeeni kile ambacho yeye alikijua tangu utoto. Sankey na Knapp wote walifariki mwaka 1908.

Yapo mengi ninayoyaruka kwa sababu ya muda. Nitaje moja tu: nyimbo za Fanny zilikuwa nyingi mno, zaidi ya elfu nane, hata wachapishaji wakaona aibu kujaza kitabu jina moja, wakamwekea majina ya bandia karibu mia mbili. Kwa hiyo kwenye vitabu vya zamani unaweza kuuimba wimbo wake bila kujua.

Neema_wa_Kihesa

Elfu nane! Na Doane alifanya mangapi humo?

MwalimuWaNota

Zaidi ya elfu moja, dada. Wengine wanahesabu juu zaidi, mimi nabaki hapo. Na alikuwa akimkaribisha Fanny kwake Cincinnati. Jioni moja ya mwaka 1875 walikaa wakizungumza juu ya kumkaribia Mungu, na kabla Fanny hajalala alikuwa na wimbo mwingine tayari, ule wa kuomba kuvutwa karibu zaidi na msalaba. Jioni ya mazungumzo ya marafiki wawili, basi, na watu wanauimba mpaka leo.

Mwaka huohuo ulichapishwa wimbo wao wa kumpa Mungu utukufu kwa mambo makuu aliyotenda. Huu una safari ya pekee. Marekani kwenyewe haukushika. Ulibaki Uingereza, ukaimbwa London mwaka 1954 kwenye mikutano ya mhubiri Billy Graham iliyofanyika Harringay, na kutoka hapo kiongozi wa kwaya yake, Cliff Barrows, akaurudisha Marekani. Wenyewe walikuwa wamekufa karibu miaka arobaini nyuma.

Hoja_Kwanza

Tueleze mwisho wao.

MwalimuWaNota

Fanny alihamia Bridgeport, Connecticut, mwaka 1900, akaishi na ndugu zake. Mume wake alifariki 1902. Aliendelea kutunga na kutembelea makanisa hadi mwili ulipokataa. Alifariki tarehe 12 Februari 1915, akiwa na miaka 94, wiki chache tu kabla ya kutimiza 95. Alizikwa Mountain Grove, Bridgeport, kwenye kaburi dogo lenye maneno ya Injili ya Marko: alifanya alivyoweza.

Doane alifariki Desemba ya mwaka huohuo. Mali yake nyingi ilikwenda kwenye shule na kazi za Kikristo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Denison, huko Granville, Ohio, ina jina lake, na mkusanyiko wake wa ala za muziki alikuwa ameutoa kwa jumba la sanaa la Cincinnati.

Sauti_ya_Baraka

Asante sana mwalimu. Nimeunakili uzi wote na kuuhifadhi. Nina ombi moja la kazi. Kwetu kuna kikundi kidogo cha waimbaji wasioona, na tunataka kuimba nyimbo tatu za Fanny na Doane kwenye ibada moja, pamoja na kusimulia kidogo. Unatushauri zipi, na kwa mpangilio gani?

MwalimuWaNota

Anzeni na ule wa kumpa Mungu utukufu, kwa mwendo wa haraka na sauti zote nne. Kisha "Usinipite", ila msiuvute kama msibani. Doane hakuuandika wa kuburuzwa. Uimbeni kama mtu anayeita, na kabla ya beti la kwanza msimulieni yule mfungwa kwa dakika moja. Malizieni na wa mikononi mwa Yesu, beti za mwanzo mtu mmoja peke yake, kiitikio wote, kinanda kipunguzwe kabisa.

Nitumie ujumbe wa faragha mseme mnaimba kwa ufunguo gani. Nitawarekodia kila sauti peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, mjifunze kwa kusikiliza. Mzee_wa_Besi, besi naomba uimbe wewe.

Mzee_wa_Besi

Nipo. Na nitamwomba mwenzangu wa Tabora aimbe sauti ya tatu.